Vidole Viwili vya Mvi

Katika Kariakoo nzima watu wawili tu walijua kwamba nywele za Mama Nice ni nyeupe. Wa kwanza alikuwa Mama Nice mwenyewe, Josepha kwa jina la ubatizo, mwenye duka la jumla la vyombo Mtaa wa Kongo. Wa pili alikuwa Siti, msusi wake, mwenye saluni ghorofa ya pili Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la mabegi. Kwa mambo mengine yote Siti hana kifua hata kidogo. Mwambie siri asubuhi, adhuhuri utaisikia kwa muuza miwa. Lakini hii ya Mama Nice aliitunza miaka kumi na moja, na yeye mwenyewe husema kuna siri za watu na kuna siri za kazi.

Utaratibu wao haukubadilika. Kila Jumatatu ya tatu, saa moja asubuhi, kabla wateja wengine hawajapanda ngazi, Josepha aliingia, pazia likavutwa, akapakwa rangi nyeusi kuanzia kwenye mizizi mpaka kwenye ncha. Nyumbani alisema ameenda kufanya stimu ya nywele. Dukani alisema amepitia benki. Ikifika saa tatu alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, nywele nyeusi tii, akiwaonyesha wapagazi mahali pa kushusha masufuria, na mtu asiyemjua angemkadiria miaka arobaini na miwili. Alikuwa na hamsini na sita.

Kwa hiyo Ijumaa ile alipotokea baada ya kupotea miezi miwili, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi, Siti hakusubiri salamu ziishe. Alimkalisha kwenye kiti, akavuta pazia, akamfungua kilemba, akaguna.

Kichwa kilikuwa na ghorofa mbili. Chini, upana wa vidole viwili kutoka kwenye ngozi, zilikuwa mvi tupu, hata moja nyeusi haikujichanganya. Juu yake ilikuwa ile rangi ya zamani, imepauka kidogo, imeishia pale pale ilipoachwa. Na sendofu ya Nice, sherehe ya kumuaga binti yake wa pekee kabla ya harusi, ilikuwa kesho jioni.

Siti alitaka kujua kilichomsibu mteja wake mpaka akajiachia namna hiyo, na kwa nini amekuja siku ya mwisho kama mtoto wa shule aliyesahau mtihani. Josepha akavuta pumzi, akamsimulia habari ya siku ya mahari.

Siku hiyo ukoo wa mchumba wa Nice, kijana anaitwa Bryson, ulikuja nyumbani kwa Josepha pale Ilala. Ni watu wa Rombo. Wazazi wa kijana wenyewe hawakuja. Walituma wajomba, shangazi, na mshenga wao Mzee Eliakimu, mtu mrefu wa suti ya kijivu ambaye kujiamini kwake kulizidi uwezo wa macho yake. Upande wa binti, wanawake wote walivaa sare, kitenge kimoja cha zambarau, kwa hiyo kwa nguo usingeweza kumjua mama ni yupi, mama mdogo ni yupi, na jirani aliyekuja kusaidia kupika ni yupi. Ilieleweka tu kwamba mama atakaa kulia kwa Mzee Leodegar, kaka wa marehemu mume wake, aliyekuwa msemaji wa familia.

Josepha alikaa hapo dakika kumi. Kisha pua yake ikamwambia kuna wali unaungua. Mtu aliyezoea kusimamia duka hawezi kukaa kitako wakati wengine wanaharibu, akainuka aende jikoni mara moja tu, na mdogo wake Euphrasia akasogea kwenye kile kiti ili kisikae wazi mbele ya wageni. Euphrasia ni mwalimu, anakaa Buguruni, na ni mdogo kwa Josepha kwa miaka minne. Ila mvi zilimwanza akiwa na thelathini na tano, akaziangalia kwenye kioo, akaendelea kupiga mswaki. Leo kichwa chake ni pamba.

Ukafika wakati wa mkaja, ile nguo ambayo mama wa binti huvishwa kushukuriwa kwa uchungu na malezi. Mzee Eliakimu akainuka na kitenge kizito mikononi, akaipitishia macho safu ya wanawake wa zambarau, akamwendea moja kwa moja yule mwenye mvi. Akamvisha begani. Akaanza hotuba. Alimshukuru kwa miezi tisa, kwa kukesha, kwa ada za shule, kwa kumlea mtoto peke yake baada ya baba kutangulia mbele za haki. Euphrasia alijaribu kumkatiza mara mbili, na mara zote mbili mzee akamsihi apokee tu, maana akina mama wa Kichaga ni wanyenyekevu mno. Josepha alitoka jikoni na sinia la vitumbua akamkuta mdogo wake anashukuriwa kwa kumzaa Nice.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Leodegar alisimama, akauhamisha mkaja kutoka bega moja kwenda jingine, kibuyu cha mbege kikazunguka, mambo yakaendelea. Josepha naye alicheka. Yangeishia hapo, ingebaki hadithi ya kuwachekesha ndugu wakienda Kibosho Krismasi. Lakini jioni, akipita barazani na jagi la maji, alimsikia shangazi wa Bryson akimuuliza mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti.

"Mama gani huyu anashindana na binti yake?"

Maneno hayo yalimkaa Josepha rohoni. Angesemwa yeye peke yake asingejali. Kariakoo ameshasemwa na watu wenye midomo mikali kuliko huyo. Lakini Nice ndiye anayekwenda kuishi na watu wale. Wakishaamini kwamba mama yake ni mwanamke wa kujirembesha ili apite mbele ya mwanawe, basi kila kosa dogo la binti litatafutiwa chanzo kwa mama. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, watasema amefundishwa na nani. Tangu siku hiyo hakukanyaga saluni. Hakuwa ameamua kuacha rangi, ila kila Jumatatu ilipofika alijikuta hawezi kwenda kukaa kwenye kile kiti, na wala hawezi kutembea kichwa wazi. Akawa mtu wa vilemba.

"Sasa kesho nasimama mbele ya watu mia tatu kumkabidhi mwanangu," alimwambia Siti. "Niambie wewe mwenye kazi yako. Nisimame na kichwa gani?"

Siti akamshika nywele, akazinyoosha, akaikuna ngozi kwa ncha ya kitana. Kisha akaongea kama fundi. Rangi nyeusi anaweza kumpaka sasa hivi na saa nne akawa ametoka kama alivyokuwa. Lakini kwenye kisogo kulikuwa na alama za malengelenge ya mara ya mwisho, Josepha alikuwa ameanza kukataliwa na ile rangi, na mara nyingine inaweza kumvimbisha uso akaenda ukumbini macho yamezibika. Tena wiki tatu zikipita wangerudi pale pale.

Josepha akauliza kuhusu kuichuja ile nyeusi kwa blichi ili ilingane na mvi. Siti alikataa bila kufikiri. Nywele zenye dawa miaka yote hiyo, ukizimwagia blichi zitabaki kwenye kitana. Kuchanganya, yaani kupitisha mistari ya kahawia kidogo kidogo ili mvi zisijitenge, ni jambo zuri na linampendeza mtu mzima, ila linataka miezi, na wao walikuwa na siku moja. Wigi lipo, na wengi kesho watavaa. Josepha akatikisa kichwa. Akivaa wigi, shangazi yule atapata la kusema hata kabla ya supu.

Hina nayo ilikwishajadiliwa. Wiki iliyopita Josepha alimuuliza jirani yake wa dukani, Mama Manan, Mhindi wa duka la vitambaa, akijifanya anaulizia kwa niaba ya rafiki. Darshana, ndilo jina lake hasa, alimsifia hina kwa nusu saa nzima, inapoza kichwa, inakuza nywele, mama yake aliitumia mpaka miaka tisini. Wakati wote huo Josepha alikuwa anaangalia nywele za mbele za Darshana, ambazo zilikuwa na rangi ya karoti. Alishukuru, akasema atamfikishia rafiki.

"Imebaki moja," Siti alisema, na akaweka vidole vyake viwili juu ya zile mvi. "Nikate hii nyeusi yote. Ubaki na zako."

Chini mtaani mtu wa kipaza sauti alikuwa anatangaza sumu ya panya na kunguni, na kwa dakika kadhaa ndiye peke yake aliyekuwa akizungumza. Siti alijua kinachomzuia mteja wake, maana alikuwepo siku ya kwanza.

Rogath, mume wa Josepha, alifariki ghafla, Nice akiwa na miaka kumi na sita. Katika wiki zile, chini ya kilemba cha msiba, kichwa cha Josepha kiligeuka cheupe upesi mpaka akashtuka mwenyewe. Na hata arobaini haijaisha wakaanza kuja wanaume wa mtaani, wafanyabiashara wa vyombo wenzake na marehemu, mmoja mmoja, na pole midomoni. Walikaa kwenye stuli, wakapiga macho shelfu, wakamwambia mama umechoka, biashara hii si ya mtu aliyechoka, tuachie sisi, wewe nenda ukapumzike Moshi. Alipowasikia watatu mfululizo wakitumia neno hilo hilo la kupumzika, alipanda ngazi za Siti, ambaye hata hakuwa anamfahamu, akamwambia ampake nyeusi isiyo na huruma. Kesho yake alifungua duka saa kumi na mbili na nusu. Hakuna aliyerudi kumwambia amechoka. Tangu hapo akaamini, na ni vigumu kumlaumu, kwamba duka lile limeshikiliwa na zile nywele.

"Nikiziacha, watarudi," alisema.

Siti akamuuliza swali jepesi tu, kwamba wale watatu wako wapi siku hizi. Josepha akaanza kuwahesabu kwa vidole. Mmoja alikufa, Mungu amrehemu. Wa pili alihamia Mbagala, anafuga kuku. Wa tatu bado yupo Kariakoo, na sufuria zake zote ananunua kwa jumla dukani kwa Josepha, na kila akija anaomba apunguziwe. Josepha alijisikia kicheko kinapanda bila ruhusa yake. Miaka kumi na moja amesimama lindo dhidi ya marehemu, mfuga kuku na mteja wake mwenyewe.

"Kata," alisema. "Kata kabla sijabadilika."

Mkasi ulipoanza kulia alifumba macho. Zile nywele ndefu zilianguka begani kisha sakafuni, na sitaki kudanganya kwamba hakuumia. Aliumia. Zilikuwa zimemfaa, zilimsimamisha siku ambazo miguu ilikataa, na machozi mawili matatu yalimtoka ambayo Siti aliyafuta kwa taulo lile lile la mabegani bila kusema kitu. Kisha Siti akasawazisha kwa mashine, akamwosha, akapitisha maji ya zambarau kidogo ya kuondoa umanjano ili mvi zitoke safi, akamgeuza kwenye kioo.

Kitu cha kwanza Josepha alichokiona ni masikio yake. Alikuwa amesahau kwamba ana masikio madogo, na kwamba Rogath alikuwa akiyatania. Akageuka upande, akageuka upande wa pili. Akaomba hereni kubwa zaidi.

Kilemba alikitia kwenye mkoba, akashuka ngazi kichwa wazi. Kutoka Narung'ombe mpaka Kongo ni mwendo mfupi, lakini alipewa shikamoo tisa. Ya kwanza aliipokea kwa shingo upande, kutoka kwa jamaa wa mikanda ambaye wiki iliyopita alimwita dada. Ya tatu alianza kuizoea. Mpagazi mwenye robota la mitumba la kwenda Mchikichini, ambaye kawaida angepita juu ya mguu wako na bado akutukane, alisimama, akawaambia wenzake wampishe mama. Mama akapishwa, akapita katikati ya barabara kama mgeni rasmi.

Dukani, Caroline, binti anayemuuzia, alimkaribisha vizuri sana, akamuuliza anatafuta vyombo vya nyumbani au vya biashara. Josepha akamjibu kwamba anatafuta kujua kwa nini masufuria hayajapangwa mpaka saa hizi. Caroline alipoitambua sauti alishika mdomo kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka akaambiwa amsikilize mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa Ramadhan wa Songea, mtu ambaye kwa miaka saba alikuwa akibishania bei na Josepha mpaka wote wawili wakakaukiwa koo. Siku hiyo alitazama kile kichwa, akatoa shikamoo, akauliza bei ya hotipoti, akaambiwa, akasema sawa mama. Josepha alidhani hakusikia vizuri. Akairudia bei. Ramadhan akasema sawa mama, funga dazeni sita, na akauliza afya ya familia. Alipoondoka, Josepha alikaa kwenye stuli akatafakari kwamba huenda miaka yote hii amekuwa akilipia rangi ili abishiwe.

Nice hakuwepo kuyaona haya. Tangu Jumatano alikuwa amewekwa ndani kwa Euphrasia, akisingwa liwa na manjano na mama wadogo wanne, na mama yake aliweka sharti kwamba picha yoyote isitumwe huko. Kwa shangazi yule wa Rombo Josepha alijiona sasa yuko tayari. Kwa mwanawe hakuwa na uhakika. Nice ndiye aliyezoea kuwaambia wenzake mama yangu bado msichana, na usiku mzima Josepha aliwaza kama binti ataona aibu kumwona mama yake amegeuka bibi siku ile ile ya picha.

Jumamosi jioni Josepha alisimama mlangoni pa ukumbi na Mzee Leodegar kuwapokea wakwe, gauni la kijani limemkaa, hereni zinaning'inia kwenye masikio yake madogo. Kati ya wote waliotarajiwa, mmoja alimtia wasiwasi zaidi, naye ni mama yake Bryson. Walikuwa wamezungumza kwenye simu mara nyingi lakini hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Alimjua kwa sauti, sauti nzito ya mtu mzima, na kwa maneno ya Nice, kwamba mama mkwe ni mtu wa makamo mwenye mvi na busara zake.

Wageni wakaja kwa nyimbo na vigelegele, Mzee Eliakimu mbele, suti ile ile. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mmoja wa gauni la dhahabu, nywele nyeusi ti ti ti, zinang'aa mpaka taa za ukumbi zilionekana ndani yake. Josepha akamhesabu kuwa dada mkubwa wa Bryson, akachungulia juu ya bega lake kumtafuta mama. Yule mwanamke naye alikuwa anachungulia juu ya bega la Josepha, kana kwamba kuna mtu amefichwa nyuma yake. Kisha akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Josepha akaitikia. "Karibuni sana. Mama yenu yuko wapi, mbona simwoni?"

Mwanamke yule akasimama wima. Alisema kwa sauti nzito ambayo Josepha aliitambua papo hapo kwamba mama ndiye yeye, na kwamba alikuwa anamtafuta Mama Nice. Wakatazamana. Mzee Eliakimu, aliyekuwa amejipanga kutofanya kosa safari hii, alimtazama mmoja, akamtazama mwenzake, akavua miwani akaifuta.

Ukweli ukatoka hapo hapo mlangoni, wageni wamejazana nyuma. Wale waliotumwa kwenye mahari walirudi na sifa kwamba mama mkwe mwenzake ni kijana, nywele hazina hata doa. Mama Bryson, mwenye miaka hamsini na tisa na mvi za halali, alikaa na habari hiyo miezi miwili. Hakutaka kusimama kwenye picha aonekane bibi wa mama mwenzake. Jana Ijumaa akaenda saluni Kimara, akapakwa.

"Na kichwa kinaniwasha tangu alfajiri, mwenzangu," alimnong'oneza Josepha. "Sijalala. Nilijua nakuja kwa mrembo."

Josepha alianza kucheka, akashindwa kuacha, akamshika mwenzake mabega, naye Mama Bryson akacheka kwa ile sauti nzito mpaka hereni zikatikisika. Walisimama wameshikana, mama mmoja amempa shikamoo mtu mdogo kwake kwa umri, mwingine ameipokea na kumwita mwanangu. Shangazi wa Bryson alikuwa hatua mbili nyuma. Alisikia yote, akaona yote, akagundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kushughulikiwa. Josepha alimsalimia kwa jina lake na kumshika mkono, na hakumbakishia kinyongo, maana alikuwa amechoka kukibeba. Alimwahidi Mama Bryson kumpeleka kwa Siti Jumatatu, wakaingia ndani mkono kwa mkono.

Mama wa bibi harusi akatangazwa. Mshereheshaji aliita, Josepha akasimama, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegeuka kumtazama Euphrasia. Lakini Josepha, aliporudi kuketi, hakuwa akiangalia watu. Alikuwa anaangalia mlango mkubwa, maana muziki ulikuwa umebadilika na taa zimepunguzwa.

Nice aliingia taratibu, akicheza hatua kwa hatua na wapambe wake, anang'aa kwa liwa na furaha, anatabasamu kushoto na kulia. Kwa taratibu za siku hiyo alitakiwa apite mbele ya mama yake, apige magoti, apate baraka, kisha apande jukwaani. Alifika. Alipoinua macho, tabasamu likasimama. Aliangalia kile kichwa kidogo cheupe, na hatua zake zikakosea muziki, na mpambe wake akamgonga kwa nyuma. Josepha akaona amekosea. Akaona angevaa wigi, angevaa hata sufuria.

Nice akapiga magoti. Hakusubiri baraka. Aliunyoosha mkono, akaugusa upande wa kichwa cha mama yake, juu ya sikio, taratibu, mvi zikapita katikati ya vidole. Macho yalikuwa yamejaa.

"Mama," alisema, "kumbe miaka yote hii ulikuwa unazeeka peke yako?"

Josepha alikuwa ameandaa maneno ya baraka, ameyakariri wiki nzima. Aliyaacha yote.

"Sikuwa na nafasi ya kuzeeka, mwanangu," alimjibu. "Nilikuwa nakulea. Sasa ninayo."

Nice akaweka kichwa chake mapajani mwa mama yake, shela na maua na vyote, mbele ya watu mia tatu, akalia. Mshereheshaji, ambaye tangu saa kumi na mbili hakuwa amenyamaza hata mara moja, aliishusha maiki akawasubiri.